Mteremko wa Nicosia: mameya wawili, mtambo mmoja wa majitaka

Fundi wa majitaka huanza na swali moja: hapa maji yanateremkia wapi? Kipenyo cha bomba, umbali kutoka chemba hadi chemba, mahali pa kuweka mabwawa, vyote vinafuata jibu la swali hilo. Nicosia, mji mkuu wa Kupro, jibu lake halijabadilika tangu mji uwepo. Maji yanatoka milima ya Troodos kusini magharibi, yanapita mjini kwa njia ya mto Pedieos, kisha yanashuka kaskazini mashariki kwenye tambarare ya Mesaoria hadi ghuba ya Famagusta. Ungempa mhandisi yeyote ramani ya mji ule umuulize ajenge wapi mtambo wa kusafisha majitaka, angeweka kidole kaskazini mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndivyo ilivyofanyika. Pakachaguliwa Mia Milia, kijiji cha jirani upande huo, Benki ya Dunia ikatoa mkopo, mitaro ikaanza kuchimbwa.

Kisha ukaja mwaka 1974.

Kupro ndiyo ile Kipro ya Matendo ya Mitume, kisiwa walikopita Paulo na Barnaba. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1960 ikiwa na jamii mbili kubwa, Wagiriki wa Kupro walio wengi na Waturuki wa Kupro walio wachache, na katiba ya kugawana madaraka iliyodumu miaka mitatu tu. Mwezi Desemba 1963 damu ilimwagika Nicosia, na jenerali mmoja Mwingereza, Peter Young, akachora kwenye ramani ya mji mstari wa kutenganisha pande mbili. Penseli aliyoshika ilikuwa ya kijani, na hadi leo mpaka ule unaitwa Mstari wa Kijani. Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliosukumwa na utawala wa kijeshi wa Athens walimpindua Rais Makarios. Siku tano baadaye Uturuki ikashusha majeshi pwani ya kaskazini. Agosti ilipofika katikati, zaidi ya theluthi ya kisiwa ilikuwa mikononi mwa jeshi la Uturuki, Wagiriki wa Kupro zaidi ya laki moja na nusu walikuwa wamekimbilia kusini, na Waturuki wa Kupro walioishi kusini walikuwa wakihamia kaskazini. Mstari wa penseli ukageuka ukanda wa kilomita 180 unaolindwa na Umoja wa Mataifa, kutoka pwani hadi pwani.

Ndani ya Nicosia ukanda huo unapita katikati ya mji mkongwe, ule uliozungushiwa ukuta wa duara na Wavenisi katika karne ya 16. Ukuta una ngome 11. Tano zikabaki kusini, tano kaskazini, na moja, Flatro, ikaangukia kwenye ukanda na kuwa ya walinda amani. Kuna sehemu ambapo ukanda una upana wa mita chache tu, nyumba kwa nyumba zinatazamana kupitia magunia ya mchanga na mapipa.

Na majitaka? Nyumba nyingi na pesa zilikuwa kusini. Mtambo ulikuwa kaskazini, Mia Milia, kijiji ambacho wakazi wake, Wagiriki wa Kupro, walikuwa wamekimbia. Mabomba yalikuwa pande zote mbili, hayajakamilika, yamelala ardhini hayana kazi.

Hapa ndipo kisa chenyewe kinapoanza, na inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu wengi wakikisimulia hukimbilia kwenye picha nzuri ya watu wawili wakipeana mikono. Kabla ya mikono kuna hesabu. Kusini wangeweza kujenga mtambo wao upande wao. Lakini upande wao ndiko kwenye kilima. Majitaka ya kupandisha mlimani yanataka pampu, pampu inataka umeme usiku na mchana, miaka nenda rudi, na siku umeme ukikatika yale maji hayangoji: yanarudi yalikotoka. Aliyewahi kukaa nyumba ya bondeni karibu na kituo cha pampu anajua ninachosema. Kaskazini nao walikuwa na mtambo ambao haujakamilika na mteremko mzuri, lakini hawakuwa na fedha, wala hapakuwa na benki ya kimataifa ambayo ingeukopesha utawala usiotambuliwa na nchi yoyote isipokuwa Uturuki. Kwa hiyo kila upande ulikuwa umeshika nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine haiuzwi dukani. Wakati huo wenye nyumba waliendelea na mashimo, na magari ya kunyonya yakaendelea kuzunguka.

Meya wa upande wa kusini alikuwa Lellos Demetriades, mwanasheria, aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu 1971. Upande wa kaskazini, mwaka 1976, alichaguliwa Mustafa Akıncı, msanifu majengo mwenye umri wa miaka 28. Walitaka kuongea. Shida ilikuwa waongee kama nani.

Suala la manispaa za Kupro halikuwa dogo hata kidogo. Katiba ya 1960, ibara ya 173, ilitaka miji mitano mikubwa iwe na manispaa mbili mbili, moja kwa kila jamii. Wagiriki wa Kupro waliona huo ni mwanzo wa kuigawa nchi. Waturuki wa Kupro waliona ndiyo kinga yao. Ugomvi wa manispaa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoivunja katiba, na kuziunganisha kulikuwa moja ya zile hoja 13 za mabadiliko ambazo Makarios alizitoa Novemba 1963, wiki chache kabla ya damu kumwagika. Kwa hiyo Demetriades akikaa mezani na Akıncı kama meya kwa meya, atakuwa amekubali kwamba Nicosia ina manispaa mbili. Akıncı akikaa bila cheo chake, atakuwa amekubali kwamba hana manispaa. Kwa wanasiasa wa juu, sentensi ya kwanza ya mazungumzo kama hayo ingetosha kuyavunja.

Walichofanya ni kuiacha sentensi hiyo isisemwe. Walikutana chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, na kwenye karatasi hawakuwa mameya. Walikuwa wawakilishi wa jamii zao mbili za Nicosia. Mwaka 1978 walielewana juu ya majitaka. Mtambo umaliziwe, mabomba ya pande mbili yaunganishwe, maji yashuke yanakotaka kushuka. Mwaka 1980 mfumo ulianza kazi. Kati ya hapo, Oktoba 1979, mazungumzo yale yale yalikuwa yamezaa jambo jingine, Mpango Mkuu wa Nicosia, ambapo wataalamu wa pande zote mbili, wakisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, walichora mji mmoja kwenye karatasi huku mji wenyewe ukiwa umekatwa katikati. Kazi yao ya kukarabati mji mkongwe ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2007.

Tuyatazame tena yale yaliyoachwa. Mapatano hayakusema nani mwenye ardhi ya Mia Milia. Hayakusema kama upande wa kaskazini ni serikali, ni jamii, au ni eneo lililokaliwa. Hata jina la mahali penyewe halikuamuliwa: kwa Wagiriki wa Kupro ni Mia Milia, kwa Waturuki wa Kupro ni Haspolat, na nyaraka za Ulaya huandika yote mawili na kuweka alama ya mkwaju (/) katikati. Nadhani huo mkwaju ndio kiini cha kisa hiki. Ukiuondoa, lazima uchague.

Uimara wa ukimya huo ulipimwa haraka. Novemba 1983 upande wa kaskazini ulijitangaza kuwa Jamhuri ya Kituruki ya Kupro ya Kaskazini. Baraza la Usalama likalaani, na hadi leo ni Uturuki peke yake inayoitambua. Kisiasa, kila mlango uliokuwa wazi ulirudishwa. Majitaka yaliendelea kushuka. Hadi Aprili 2003, vizuizi vya kuvuka vilipofunguliwa, mwananchi wa kawaida hakuweza kwenda upande wa pili, lakini mafundi waliokuwa na kazi ya mabomba walivuka kwa kibali cha walinda amani. Kuna watu waliofanya kazi na wenzao wa upande wa pili kwa miaka 20 na zaidi kabla ndugu zao hawajaruhusiwa hata kwenda kuangalia nyumba walizoziacha.

Lakini nisije nikaisifu mno. Mfumo wa 1980 ulikuwa wa mabwawa: majitaka yanatulia, tope linazama, vijidudu na jua vinafanya kazi yao taratibu. Ni njia rahisi na inayofaa nchi yenye jua kama Kupro, ila ina kiwango chake. Mji ulikua pande zote, mabwawa yakazidiwa, na mabwawa yaliyozidiwa yananuka. Sehemu kubwa ya maji yaliyoingia ilitoka kusini. Harufu ilibaki kaskazini. Hata ungekuwa na mapatano ya haki namna gani, mwenye kuvuta hewa ile kila jioni ana swali lake, na halijibiwi na mteremko.

Kupro iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, siku chache baada ya kura ya maoni ya kuunganisha kisiwa ambayo kaskazini waliikubali na kusini wakaikataa. Hapo majitaka ya Nicosia yakaingia katika hali ya ajabu kisheria. Kisiwa kizima ni Ulaya, lakini upande wa kaskazini sheria za Ulaya zimesimamishwa mpaka suluhu ipatikane. Serikali ya kusini inadaiwa na Umoja wa Ulaya itimize masharti ya kusafisha majitaka ya mji wake mkuu, na majitaka hayo yanakwenda mahali ambapo mkono wake haufiki. Mwaka 2006 Ulaya ilitenga euro milioni 259 kwa ajili ya jamii ya Waturuki wa Kupro, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye mtambo mpya. Sehemu kubwa zaidi ya gharama ilibebwa na bodi ya majitaka ya kusini, kulingana na wingi wa maji yake.

Sasa nani atangaze zabuni? Kusini hawawezi kuweka saini ya ujenzi katika eneo wasilolitawala bila kuonekana wameukubali utawala uliopo. Kaskazini hawawezi kutangaza kwa jina ambalo dunia hailitambui. Zabuni ikasimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ni ule ule ujanja wa 1978, safari hii ukiwa na makabrasha mengi zaidi.

Mtambo mpya ulizinduliwa 2014. Unaweza kupokea mita za ujazo 30,000 kwa siku, majitaka ya watu wapatao 270,000, na haufanyi kazi kama mabwawa. Maji yakiingia yanapita kwanza kwenye chekeche linalokamata vitambaa, nywele, vijiti vya masikio na kila kitu ambacho watu hutupa chooni wakidhani kimepotea. Kisha yanaingia kwenye matangi yenye vijidudu vinavyokula uchafu huku hewa ikipulizwa kutoka chini. Mwisho yanavutwa kupita kwenye utando wa plastiki wenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria wenyewe hawapiti. Yanayotoka upande wa pili ni meupe, hayana harufu, yanafaa kumwagilia.

Utando huo una tabia ya mgonjwa wa tumbo: unachagua chakula. Mafuta mengi ya kupikia, rangi za kiwandani, kemikali za kuchakata ngozi, zikija kwa wingi zinaua vijidudu au kuuziba utando wenyewe. Ndiyo maana mji wenye mtambo wa aina hii huhitaji mkaguzi mwenye meno, anayeweza kwenda mlangoni kwa mwenye kiwanda na kumwambia asipoweka kinasa mafuta atafungiwa. Nicosia hakuna mkaguzi mmoja. Kuna wawili, kila mmoja na sheria zake, na maji yakishachanganyika hayana kitambulisho. Hitilafu ikitokea, mhandisi anaweza kujua kemikali gani imeingia. Kumfikia aliyeimwaga ni kazi ya ofisi mbili ambazo rasmi haziandikiani barua. Hili, kwa maoni yangu, ni tatizo gumu kuliko ujenzi, na picha za uzinduzi hazilionyeshi.

Tatizo la pili lilikuwa la kushangaza zaidi. Kwa miaka zaidi ya 30 pande mbili zilielewana juu ya maji machafu. Mtambo ulipoanza kutoa maji masafi, ikawa kazi.

Kupro ni kisiwa cha ukame. Mwaka 2008 hali ilikuwa mbaya hadi serikali ya kusini ikaagiza maji kwa meli kutoka Ugiriki. Mwaka 2015 Uturuki ilikamilisha bomba la kilomita 80 chini ya bahari la kupeleka kaskazini mita za ujazo milioni 75 kwa mwaka, na papo hapo likazuka suala la nani ataushika ufunguo. Katika kisiwa cha namna hiyo, mtambo wa Mia Milia/Haspolat unaweza kutoa kama mita za ujazo milioni 10 kwa mwaka za maji ya kumwagilia. Majitaka hayana mwenyewe. Kila mtu anataka yaondoke. Maji ya shamba yana wenyewe. Kusini wanasema maji mengi yaliyoingia ni yetu, tumelipa sehemu kubwa, na sisi pia tuna mashamba. Kaskazini maji yanatokea kwao, na mteremko ule uliorahisisha kuyaleta ndio unaofanya kuyarudisha kuwe ghali, maana sasa yanapanda. Mtambo ulianza kazi kabla swali hili halijapata jibu, na maji yaliyogharimu fedha nyingi kusafishwa yakawa yanaachiwa yaende na mkondo wa Pedieos, mto ambao wakati wa kiangazi hukauka kabisa.

Ukimya wa 1978 haukuwa na nafasi ya jambo hili. Kuondoa uchafu kunahitaji makubaliano ya njia tu. Kugawana mali kunahitaji kusema nani ni nani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama dawa inayoweza kunyweshwa mahali pengine, na mahali panapotajwa upesi ni Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na Israeli. Sioni kama inakwenda hivyo. Chukua majitaka ya Nablus na Tulkarm, miji ya Wapalestina, yanayoshuka kwa bonde la Wadi Zeimar hadi Israeli. Mteremko upo, mpaka wenye mgogoro upo, na tangu makubaliano ya Oslo ya 1995 kati ya Israeli na Wapalestina kuna hata kamati ya pamoja ya maji, jambo ambalo Nicosia hawakuwa nalo kwa maandishi namna hiyo. Israeli huyasafisha maji yanayoingia kwake na kukata gharama kwenye kodi inayokusanya kwa niaba ya Wapalestina. Wapalestina nao, wakitaka kujenga mitambo yao, wanahitaji vibali vya Israeli katika maeneo mengi, na wakiambiwa waunganishe makazi ya walowezi kwenye mtambo huo huo wanaona wanatakiwa kuyahalalisha. Upande mmoja umeshika ardhi, vibali na mfuko wa fedha. Nicosia palikuwa na kitu ambacho pale hakipo: kila upande ulimhitaji mwenzake kwa kiasi kinachokaribiana, na hakuna aliyeweza kujilipa kutoka mfukoni mwa mwingine.

Ndani ya Kupro yenyewe ujanja ule umetumika tena. Julai 2011 mlipuko katika kambi ya jeshi la majini uliharibu kituo kikubwa cha umeme cha kusini, Vasilikos. Kaskazini wakauza umeme kusini kwa miezi kadhaa, na mpango ukapitia kwa vyama vya wafanyabiashara wa pande mbili ili pasionekane serikali inayonunua kwa serikali. Ni majitaka yale yale, ila kwa waya.

Ila ujanja huo haukupanda hadi siasa za juu. Mwaka 2015 Akıncı, yule yule wa mabomba, alichaguliwa kuwa kiongozi wa Waturuki wa Kupro. Wengi wa pande zote waliukumbuka mwaka 1978 na kutumaini. Julai 2017, huko Crans-Montana, Uswisi, mazungumzo yake na Rais Nicos Anastasiades yalivunjika juu ya majeshi, dhamana ya mataifa ya nje na mgawanyo wa madaraka, yaani yale yale ambayo yeye na Demetriades walijua kuyazunguka. Kwenye meza ya katiba hakuna pa kuzungukia. Mwaka 2020 alishindwa uchaguzi na mtu aliyetaka mataifa mawili.

Kusini nao hawajakaa wakisubiri. Wana mitambo mingine upande wao wa mstari, Anthoupolis na Vathia Gonia, na mitaa mipya inayoweza kuunganishwa huko haina haja ya kupita kaskazini. Kihandisi ni jambo la busara. Mji hauwezi kutegemea bomba moja. Lakini kila nyumba inayounganishwa Anthoupolis inapunguza kidogo ule uzito wa kuhitajiana uliowaleta watu wawili mezani.

Mji mkongwe umebaki na mteremko wake. Mtaa wa Ledra, uliozibwa kwa miongo, ulifunguliwa Aprili 2008. Mtalii anaonyesha pasipoti kwa askari wa kusini, anatembea hatua chache kati ya majengo yaliyooza ya ukanda, anaonyesha tena pasipoti kwa askari wa kaskazini. Ametoka Ulaya, ameingia nchi ambayo kwenye ramani nyingi haipo. Akinywa kahawa kabla ya kuvuka na nyingine baada ya kuvuka, na akaenda chooni pote pawili, chemba ni mbili, na majitaka yake yanakutana Mia Milia/Haspolat.